Kelele za ndani ya fleti: shuka kwanza ukaisikilize nyumba yako

Nilikaa miaka mingi nyumba ya chini kule Sakina, hapa Arusha, uani kuna mparachichi, jirani wa karibu yuko ng'ambo ya michongoma. Nilipohamia fleti Kaloleni, ghorofa ya tatu, nilijihesabu mtu mtaratibu. Sina redio kubwa, sina walevi wanaonitembelea, saa tatu na nusu taa zimezimwa.

Mwezi wa pili, Jumapili baada ya misa, mama wa ghorofa ya pili akapanda na mfuko wa ndizi. Nikamwamkia, akaitika, akanywa chai, akaulizia wazee wetu wa nyumbani mmoja mmoja. Alipofika mlangoni anaaga ndipo akalitoa la moyoni: "Mwanangu, hivi mnahama? Maana kila alfajiri nasikia kabati linaburutwa."

Hatukuwa tunahama, wala kabati halijaguswa tangu fundi alipoliunga. Kilikuwa ni kiti. Kiti kimoja cha chuma ninachokikalia saa kumi na moja alfajiri kunywa chai kabla ya kwenda kazini, kisha nakirudisha mezani kwa mguu kwa sababu mikono imeshika kikombe na simu. Mama akaniambia nishuke nikasikie mwenyewe. Nikamwacha mke wangu juu akivute kiti kama ninavyokivuta mimi, nami nikasimama sebuleni kwa mama. Wallahi nilishtuka. Juu kile kiti kinalia kama mlango mkavu tu. Chini kinanguruma dari nzima.

Na jambo jingine nililigundua palepale: mama analala sebuleni. Wajukuu wamejaa vyumba vyote viwili, yeye kajitandikia godoro pale, chini kabisa ya meza yetu ya chakula. Mchoraji wa jengo aliweka sebule juu ya sebule, jiko juu ya jiko. Watu wanavyokaa humo ni habari nyingine.

Tangu hapo nimesaidia majirani kadhaa kupunguza kelele zao, na utaratibu ninaoufuata ni huu.

Hatua ya 1: Shuka ukasikilize

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, na bila hii zilizobaki ni kubahatisha. Omba ruhusa kwa jirani wa chini, na wa ubavuni kama ukuta ni wa pamoja. Nenda mchana, usiende mikono mitupu. Nyumbani mwache mtu afanye mambo ya kawaida kwa mpangilio: atembee na viatu vyenu vya kila siku, avute viti, afunge kabati za jikoni, awashe blenda, aweke runinga kwenye sauti ya taarifa ya habari. Wewe uko chini na karatasi, unaandika kinachosikika na kisichosikika.

Utashangaa. Runinga niliyokuwa naiogopa haikusikika kabisa kwa mama. Kilichosikika ni kiti, visigino vya binti yetu, na droo moja ya jikoni ambayo sisi tulishaizoea hata hatuisikii tena.

Kuna jirani nilimshauri hivi akasema, "Nikienda kuuliza si nitakuwa nimejishtaki mwenyewe?" Ndiyo, utakuwa umejishtaki, na kesi itaisha siku hiyohiyo.

Hatua ya 2: Tenganisha kelele ya hewani na kelele ya zege

Maongezi, redio na mtoto anayelia husafiri hewani. Zikikutana na ukuta wa tofali za inchi 6 uliopigwa lipu pande zote mbili, sehemu kubwa inaishia hapo. Zinazopenya zinapitia kwenye nafasi: chini ya mlango, dirisha lililo wazi, tundu la waya ambalo fundi hakuliziba.

Kisigino, kiti, mchi na mashine ya kufulia ikikamua ni jamii nyingine. Hivyo vinaligonga jengo lenyewe. Hewani sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde. Kwenye zege hukimbia karibu mara kumi ya hapo, na zege haliipunguzi njiani kama godoro au zulia linavyofanya. Ndiyo maana mtu wa ghorofa ya kwanza anaweza kusikia msumari unaopigiliwa ghorofa ya nne akadhani ni kwa jirani wake wa ukutani. Kabla hujamgongea mtu mlango kwa hasira, likumbuke hilo.

Tofauti hii ndiyo inayokuonyesha dawa. Kelele ya hewani unaipunguza kwa kushusha sauti na kuziba nafasi. Kelele ya zege unaizuia pale inapogusa sakafu, kabla haijaingia. Ikishaingia ndani ya slabu, yaani sakafu ya zege, hakuna pazia litakalokusaidia.

Hatua ya 3: Vivishe vitu viatu, nawe uvue vyako

Fleti nyingi za mjini zimewekwa tailizi moja kwa moja juu ya zege. Zinapendeza, kudeki ni rahisi, lakini kwa mtu wa chini ni ngoma.

Viti na meza: zile soksi za plastiki za dukani zinatoboka baada ya wiki chache. Mimi nilikwenda kwa fundi wa katambuga, nikamwomba anikatie vipande vya mpira wa tairi vya mviringo, ukubwa wa mdomo wa chupa, nikavigundisha chini ya kila mguu. Bei ilikuwa ndogo kuliko chai na chapati mbili. Juu ya mpira bandika kitambaa kinene cha sufu, maana mpira mtupu ukivutwa kwenye tailizi nao unapiga yowe.

Watu: ndani tembea na ndala laini au soksi. Kisigino kitupu cha mtu mzima anayetembea kwa haraka kinasikika chini kuliko wengi wanavyodhani, na mchuchumio usiuvae hadi ufike mlangoni.

Mashine ya kufulia iweke kwenye mpira mnene, na uhakikishe miguu yote minne imegusa chini. Ikiyumba ndipo inapotwanga. Pampu ya maji iliyofungwa kwa boliti kwenye ukuta au kwenye stendi ya chuma nayo ni hivyohivyo: weka mpira kati ya pampu na inapokalia, na kipande cha bomba linalotoka kwenye pampu kiwe cha mpira ili mtetemo usiingie kwenye mabomba ya jengo zima.

Halafu mlango wa grili. Sijui kwa nini watu hawauhesabu. Lile komeo la chuma likipigwa saa kumi na moja alfajiri, ngazi nzima inaitikia kama kengele. Kata tyubu ya baiskeli, livishe komeo, tia grisi kwenye bawaba. Dakika kumi.

Hatua ya 4: Besi

Subufa haikai sakafuni, haikai konani, haiegemei ukuta wa jirani. Ikiwa sakafuni ni mtwangio kama ulivyo mwingine. Inyanyue, iweke juu ya kipande cha godoro gumu, iondoe konani maana kona huongeza mlio mzito, kisha punguza besi kwanza kabla hujapunguza sauti. Besi ndiyo inayopenya ukuta. Maneno ya wimbo hubaki kwako. Simba na Yanga wakicheza, jengo zima linajua, hapo sina la kusema.

Hatua ya 5: Ijue saa ya jengo lako

Kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, zinaweka kiwango cha usiku chini kuliko cha mchana. Lakini jengo lina saa yake pia. Letu lina madereva wawili wa utalii. Wanaondoka na wageni kabla jua halijachomoza, wanarudi baada ya siku sita au saba wamechoka na vumbi hadi kwenye kope. Siku ya kurudi wanalala hadi mchana. Lina nesi wa zamu, lina wanafunzi wanaosoma usiku. Saa nne asubuhi ambayo kwako ni wakati wa kutoboa ukuta kwa drili, kwa mwingine ni usiku wa manane.

Kwa hiyo uliza. Kwenye kundi la simu la wapangaji andika tu: "Jamani, nani analala mchana wiki hii?" Kazi za makelele makubwa mimi huziweka kati ya saa tano asubuhi na saa kumi jioni. Na kumbuka majira: Juni hadi Agosti, baridi ya Arusha inawafanya watu wafunge madirisha na feni zinazimwa, hivyo ndani kunakuwa kimya na kila kitu kinasikika. Sauti ambayo Januari haikumsumbua mtu, Julai itamsumbua.

Hatua ya 6: Ukiwa na shughuli, panda na ushuke ukaseme

Ujumbe wa simu unatosha kwa jengo zima, lakini wa juu yako, wa chini yako na wa ubavuni wafuate kwa miguu. Sema siku, sema saa ya kuanza, na hasa sema saa ya kumaliza, kisha uiheshimu. Sahani ya pilau ikifuata kesho yake si dhambi.

Maswali yaliyoulizwa

*Kutoka Njiro: Nimeambiwa nibandike trei za mayai ukutani, sauti haitatoka. Ni kweli?*

Si kweli, ndugu yangu. Trei zinapunguza kidogo mwangwi ndani ya chumba chako, kwa hiyo wewe utahisi pametulia, lakini jirani atasikia kama kawaida. Kinachozuia sauti ni uzito, na trei ni karatasi. Tena inashika moto haraka na mende wanaipenda. Pesa hiyo nunua mpira wa kuziba chini ya mlango.

*Kutoka Moshi, Majengo: Mwanangu ana miaka mitatu, anakimbia koridoni kutwa nzima. Jirani wa chini anagonga dari kwa fagio. Nimfunge kamba?*

Pole mama. Mtoto wa umri huo atakimbia tu. Tafuta mikeka ya sponji ile minene inayoungana, tandika koridoni peke yake, huko ndiko anakokimbilia; kapeti jembamba halisaidii sana. Mshushe nje asubuhi na jioni achoke. Halafu shuka naye kwa huyo wa fagio, mtoto amwamkie. Ni vigumu kumgongea dari mtoto aliyekupa shikamoo jana. Na mwambie saa anayolala, ili jirani ajue kuna mwisho. Anayesubiri kelele isiyojulikana itaisha lini ndiye anayeshika fagio.

*Kutoka Sombetini: Familia yetu tunaomba saa tisa usiku. Jirani kalalamika kwa mwenye nyumba. Tuache?*

Sisemi muache, nasemea mahali na namna. Ombeni kwenye chumba kisichopakana na kitanda cha mtu, tandikeni mkeka mnene au godoro ili magoti na miguu isigonge sakafu. Makofi na kipaza sauti viacheni kanisani. Halafu nendeni kwa huyo jirani ninyi wenyewe, msimwachie mwenye nyumba awe mjumbe.

*Ukifiwa je? Ndani ya fleti watu watalia.*

Watalia. Kwenye msiba hakuna hatua hata moja niliyoandika hapo juu inayohusika. Aliyefiwa asiombe radhi kwa kilio, na jirani atakayekwenda kulalamika siku hiyo, wenzake watamkumbuka kwa miaka. Ila ndugu wanaosaidia wanaweza kupanga: turubai na viti vikae chini uwanjani, masufuria yapikiwe huko, watu wasirundikane ngazini usiku kucha wakipiga simu. Kwetu mwaka jana wapangaji wawili walifungua nyumba zao wageni wakalala humo, na kelele zikajigawa zenyewe bila mtu kuzitaja.

*Mimi ni nesi, nalala mchana. Wote wana haki ya kupika na kuongea mchana. Nifanye nini?*

Dada, waambie zamu zako. Wengi hawajui, wanadhani umesafiri. Hamishia kitanda ukuta usio wa ngazi. Vizibo vya masikio vya sponji vinauzwa maduka ya dawa, na feni inayozunguka polepole inafunika makelele madogo. Huwezi kuomba jengo zima linyamaze, ila unaweza kuomba mambo mawili: drili isipigwe siku uliyotoka zamu, na watoto wasichezee mpira mlangoni kwako.

*Nimeongea na jirani mara tatu, hasikii. Nianzie polisi?*

Hapana, anzia karibu. Mwenye nyumba au msimamizi wa jengo, kisha mjumbe, kisha mwenyekiti wa mtaa. Andika tarehe na saa za kelele kwenye daftari, maana "kila siku" haimsaidii mwenyekiti. Kama fleti ni za kununua, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inatambua umoja wa wamiliki, hivyo peleka jambo huko kwanza. Ila nikuulize: hizo mara tatu, kuna hata moja uliyomwalika kwako akasikie?

*Kutoka Sakina: Kinu je? Siwezi kula kisamvu cha blenda.*

Hata mimi siwezi. Kinu kiweke juu ya tairi kuukuu, ndani ujaze gunia lililokunjwa, ukitwangie chini uani na si jikoni ghorofani. Kwenye balkoni ni kulekule, kwa kuwa balkoni imeungana na slabu. Jengo lisilo na ua, nenda soko la Kilombero ukatafute kilichokwisha kutwangwa, ila kinuse kwanza kabla ya kulipa.