Kupima hifadhidata huria kabla hujaikabidhi data

Swali la PostgreSQL au MySQL, hifadhidata mbili huria, ipi kali, liache kwanza. Zote hufanya kazi vizuri siku ambayo hakuna kilichoharibika. Mwongozo huu ni wa ile siku nyingine.

Hatua ya 1: Andika namba mbili

Kaa na wenye mfumo muandike: data ya muda gani inaweza kupotea bila maafa, na mfumo unaweza kuzimika kwa muda gani. Watakuambia "sifuri" kwa zote mbili. Waeleze gharama yake: ili usipoteze hata muamala mmoja (badiliko moja kamili la data), kila muamala lazima usubiri seva ya pili ithibitishe kuwa imeuandika. Seva zikiwa mbali na nyingine, kila anayebonyeza "hifadhi" atausikia umbali huo.

Hatua ya 2: Soma leseni

MongoDB, hifadhidata nyingine, ilihamia leseni ya SSPL Oktoba 2018, na OSI, shirika linaloidhinisha leseni za chanzo huria, haiitambui leseni hiyo kuwa ya chanzo huria. Angalia pia zana ya bekapu iko upande gani. MySQL Enterprise Backup ni ya kulipia. Percona XtraBackup ni ya bure.

Hatua ya 3: Uliza nani anaamua kuwa seva kuu imekufa

PostgreSQL ina urudufishaji wa moja kwa moja (kunakili mabadiliko kwenda seva nyingine papo hapo) tangu toleo la 9.0 la mwaka 2010, ila haipandishi replika, yaani seva ya nakala, kuwa seva kuu yenyewe. Kazi hiyo hufanywa na kitu kama Patroni, programu inayosimamia seva hizo, kikisaidiwa na etcd, inayotunza makubaliano ya nani ni kuu, kwa hiyo hesabu na hivyo katika mzigo wa kutunza. MySQL ina Group Replication, mfumo wake wa kuunganisha seva kadhaa. MariaDB, iliyotokana na MySQL, ilianza kubeba Galera, mfumo wa aina hiyo, katika toleo la 10.1.

Galera huvutia kwa sababu unaweza kuandika kwenye nodi (seva ya kundi) yoyote. Lakini miamala miwili ikigusa rekodi ileile kutoka nodi mbili, mmoja hukataliwa mwishoni kabisa, na programu yako isipojua kurudia, mtumiaji ndiye anayeona kosa.

Nodi mbili hazitoshi. Mtandao ukikatika kati yao, hakuna yenye wingi wa kura: ama zote zisimame, ama kila moja ijione kuu na data igawanyike. Nodi 3 huhimili kupotea kwa 1, nodi 5 huhimili 2.

Hatua ya 4: Usiite replika bekapu

Mtu akiendesha DELETE bila WHERE (amri ya kufuta bila kutaja kipi, hivyo hufuta vyote), replika itaitekeleza kwa utiifu uleule. Unachohitaji ni bekapu kamili pamoja na kumbukumbu za miamala zinazohifadhiwa mfululizo (WAL kwa PostgreSQL, binlog kwa MySQL), ili urudi sekunde chache kabla ya ajali. Angalia majira: seva nyingi huhesabu kwa UTC, na ukiiandikia saa ya ukutani utajikuta umerudi pengine kabisa.

Kwa PostgreSQL tazama pgBackRest au Barman, zana za bekapu. pg_dump, inayonakili data kwenye faili, inafaa hifadhidata ndogo, ila hukurudisha tu pale ilipoanza kusoma.

GitLab, huduma ya kuhifadhi msimbo wa programu, 31 Januari 2017: mhandisi alifuta data kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye replika. Bekapu za pg_dump zilikuwa hazifanyiki, kwa kuwa programu iliyotumika ilikuwa ya toleo la 9.2 na hifadhidata ni 9.6. Barua pepe za kuonya zilikataliwa njiani. Walipoteza data ya takriban saa 6.

Hatua ya 5: Iue seva kuu kwa majaribio

Andika skripti inayoingiza namba mfululizo, 1, 2, 3, na kuandika pembeni kila namba iliyothibitishwa. Wakati inaendelea, ua seva kuu kwa kill -9 (amri ya kuizima ghafla). Replika ikishapanda, linganisha: namba iliyothibitishwa lakini haipo ni data iliyopotea. Rudia kwa kukata mtandao badala ya kuua. Hapo ndipo mipangilio mibovu hujitokeza, kwa sababu seva ya zamani bado iko hai na inaamini ndiyo kuu.

Hatua ya 6: Rejesha

Tumia seva tupu na data ya ukubwa halisi, ukipima muda. Ukizidi mliokubaliana, fanya bekapu kamili mara nyingi zaidi. Mara nyingi kinachokula muda ni kurudia kumbukumbu za siku nyingi. Kisha mpe mwenzako ambaye hakuhusika kusimika, arejeshe kwa kufuata maandishi yako tu, wewe ukikaa kimya. Atakapokwama, rekebisha maandishi palepale.