Jinsi ya kufanya video yako ionekane kama TV ya chogo, na usichanganye PAL na NTSC

Watu wengi wakitaka video ionekane ya zamani wanabandika filta ya kanda, rangi ziyumbe kidogo, chenga mbili tatu, basi. Sasa filta nyingi zinaiga NTSC, mfumo wa TV ya rangi wa Marekani, afu mtu anaibandika kwenye video ya Kariakoo mwaka 95, wakati TV za Bara zilivyoanza 1994 zilikuja na PAL, mfumo mwingine wa rangi, na Zanzibar walikuwa na PAL yao ya rangi tangu miaka ya 70. Aliyekuwepo akiiangalia anaona kuna kitu hakijakaa sawa hata kama hajui ni nini.

Namba kwanza. NTSC ina mistari 525, inayoonekana kama 480, na nusu picha 59.94 kwa sekunde. PAL na SECAM (mfumo wa tatu, wa Wafaransa) zote zina mistari 625, inayoonekana 576, nusu picha 50. Nusu picha maana yake TV inachora mistari ya witiri, afu inarudi kuchora ya shufwa katikati yake.

Tofauti ya PAL na SECAM iko kwenye rangi tu. Mjomba aliwahi kuja Kigoma na kanda alizorekodi Bujumbura, tukaweka kwenye deki, picha imetulia kabisa ila haina rangi hata kidogo, tukasafisha hedi kwa spiriti, tukagonga TV, wapi. Kumbe Burundi walikuwa wanatumia SECAM ya Wafaransa. Ingekuwa kanda ya NTSC picha ingekimbia juu chini.

Haya, tufanye PAL kwa ffmpeg, programu ya kuchakata video kwa kuandika amri. Rekodi fremu 50 kwa sekunde, sio 25, la sivyo ule mwendo laini wa taarifa ya habari hupati. Punguza iwe 720 kwa 576, pitisha kwenye filta yake ya tinterlace inayochanganya fremu mbili ziwe nusu picha, afu separatefields ili kila nusu picha ikae peke yake. Hapa ndio wengi wanakosea, wanachezea rangi kwenye picha nzima wakati TV ilikuwa inajua mistari ya nusu picha moja tu.

Sasa tenganisha mwanga na rangi (YUV, yaani Y ni mwanga, U na V ni rangi). Rangi ilikuwa inapewa nafasi kama MHz 1.3, na mstari mmoja unaoonekana unachukua maikrosekunde 52, ukipiga hesabu 1.3 mara 52 mara 2 unapata kama 135. Yaani kwa upana wote wa kioo rangi ina vipande 135 tu! Kwa hiyo punguza rangi upana hadi 135 afu irudishe 720, mwanga uuache na vipande kama 520. Shati jekundu litavuja kidogo pembeni na ndio tunachotaka. Kwa NTSC punguza zaidi, TV nyingi zilikuwa zinatoa kama 60 tu.

Afu ule ujanja wa PAL wenyewe. Mawimbi yakichelewa njiani, NTSC rangi inageuka, sura ya mtangazaji inakuwa ya kijani, ndio maana TV zao zilikuwa na kitufe cha kurekebisha rangi. PAL inageuza sehemu moja ya rangi kila mstari, TV inachukua wastani wa mstari huu na uliotangulia, kosa linajifuta. Kuiga: changanya rangi ya kila mstari na wa juu yake nusu kwa nusu, na kosa likiwa digrii 20 usiguse rangi yenyewe, zidisha tu ukolezi wake kwa 0.94. Inapauka, haigeuki.

Ukitaka SECAM, mstari mmoja ubaki na rangi ya bluu tu, unaofuata nyekundu tu, kila mmoja uazime nyingine kwa jirani wa juu. Chenga zake ni vimichirizi vya bluu na vyekundu vinavyokimbilia kulia kwenye kingo kali, kama cheche.

Chenga weka baada ya rangi, sio kabla. Mwisho unganisha nusu picha kwa filta ya weave, afu pitisha bwdif ili irudi fremu nzima 50, maana mitandao inaharibu nusu picha vibaya sana.

Ile mistari mieusi minene watu wanachora juu ya picha achana nayo, chogo la inchi 14 ukiwa umekaa mkekani mwisho wa sebule ulikuwa huoni mstari wowote.