Kupita kwenye Theluji Iliyosalia Milimani Majira ya Joto

Hata jua linapowaka mabondeni mwezi Julai, njia nyingi za milima mirefu ya kaskazini mwa dunia huwa bado zina mabaka ya theluji, hasa kwenye makorongo, vivuli vya msitu na miteremko inayotazama kaskazini. Kwa hiyo unaposoma ramani kabla ya safari, usiangalie kimo peke yake, bali pia upande ambao kila mteremko unaelekea, kisha uwaulize walinzi wa hifadhi hali ya njia ilivyo wiki hiyo.

Jambo linalohitaji kupangwa kwa makini zaidi ni saa. Alfajiri, theluji iliyoganda usiku huwa ngumu na yenye utelezi. Kadiri jua linavyopanda hulainika na kushika kiatu vizuri, lakini alasiri mguu huweza kuzama hadi pajani. Mito nayo hujaa kuanzia mchana kutokana na theluji inayoyeyuka, na maji huwa machache zaidi asubuhi na mapema. Mahitaji haya mawili yanapogongana, naona ni heri kuutanguliza mto, kwa sababu mteremko mgumu unaweza kuungoja ulainike, ilhali mto uliofurika kwa kawaida hautapungua kabla usiku haujapita.

Kabla ya kukata mteremko, tazama kwanza chini: ukiteleza, utaishia wapi? Ikiwa ni kwenye miamba, genge au maji, zunguka au urudi, hata kama nyayo za wengine zinaonyesha kwamba walipita. Panapopitika, piga theluji kwa ncha ya kiatu hadi upate ngazi imara, na shoka la barafu (kifimbo chenye kichwa cha chuma kilichochongoka) lishikwe kwa mkono ulio upande wa juu wa mteremko. Ukianguka, jigeuze kifudifudi papo hapo na ukandamize ncha ya shoka kwa uzito wa kifua na bega, kabla kasi haijaongezeka. Ikiwa umevaa meno ya chuma viatuni, inua miguu yasije yakanasa. Haya hujifunzwa kwa mkufunzi, mahali ambapo mteremko unaishia kwenye uwanda, na asiyeyafanyia mazoezi amebeba chuma cha kujiumiza tu.

Kando ya miamba na mashina ya miti, na pembezoni mwa kila baka, theluji huwa nyembamba yenye uwazi chini yake, basi vuka sehemu hizo kwa hatua ndefu. Ukisikia maji yakipita chini, ujue uko juu ya daraja la theluji linaloweza kuporomoka.

Theluji mpya huakisi hadi asilimia 80 hivi ya mionzi ya urujuanimno, kwa hiyo vaa miwani ya jua inayofunika pembeni na upake krimu ya kujikinga hadi chini ya kidevu. Maumivu ya macho yaliyoungua huanza saa kadhaa baadaye, wakati madhara yameshatokea.