Salamu za waendeshaji pikipiki barabarani
Waendeshaji pikipiki wanaopishana wanaweza kusalimiana bila shida, ila kupunga mkono jinsi wafanyavyo wenzetu wa ng'ambo hakufai sana hapa Nairobi. Marekani, ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara, anayekuja hupita kushoto kwako, hivyo mkono wa kushoto hunyooshwa kwa urahisi huku wa kulia ukibaki kwenye mafuta na breki ya mbele. Kwetu mwenzako hupita upande wa kulia, yaani upande wa mkono uleule usiopaswa kuachia usukani. Kwa hiyo inamisha kichwa kidogo tu, kwa kuwa kofia ngumu huonekana kutoka mbali. Ukishikilia kupunga, tumia mkono wa kushoto kwenye barabara iliyonyooka na yenye nafasi, wala si unapopenya katikati ya matatu kwenye Barabara ya Thika, ambako klachi, inayobanwa kwa mkono huohuo wa kushoto, huhitajika ghafla. Bodaboda nao ni wengi mno kusalimiwa mmoja mmoja, wasalimie stejini. Asiyekujibu usimhesabie dharau, kwani huenda ana abiria nyuma na shimo mbele.