Kuchora mtaa wa kiwanda: anza na nyeupe, watu baadaye

Kulikuwa na mchoraji Mwingereza anaitwa L.S. Lowry, mchana alikuwa anazunguka kukusanya kodi za nyumba mpaka akastaafu 1952, usiku ndo anachora mitaa ya viwanda ya kwao Salford, watu wembamba kama njiti za kiberiti wanamiminika kutoka kazini. Rangi zake tano tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, bluu na ile njano ya udongo. Nikasema aah, kwa rangi tano hata Mtwara inawezekana, makopo madogo ya rangi ya mafuta yapo kila duka la vifaa vya ujenzi.

Basi chukua hadibodi, ipige msasa, paka nyeupe mikono miwili mitatu, na kila mkono ukauke kabisa. Hapa wengi wanaruka. Nyeupe ndo anga, ndo barabara, na jua letu la saa saba si unalijua linavyofuta rangi zote mtaani. Mi mara ya kwanza nilijaza bluu, ikatoka kalenda ya duka.

Majengo: bati, ukuta wa ghala, bomba la moshi, yapitishe haraka.

Watu sasa. Jioni kakae kwa mama ntilie karibu na geti la wabangua korosho, agiza chai, nusu saa usichore kitu, angalia tu. Mama aliyekaa kutwa anatoka mgongo umepinda kidogo kama bado yuko kwenye kiti, kanga begani, vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda. Mkao huo ndo mtu, sura achana nayo. Mi niliweka sura, bibi mmoja akaja kuangalia, shikamoo hata hajaitikia, "mjukuu wangu, huyu mwenye pua ya mwiko ndo mimi?"

Anzia miguuni, nukta mbili za viatu, mistari miwili, kiwiliwili, kichwa nukta. Walio mbali wawe wadogo na miguu yao ikae juu zaidi kwenye ubao, la sivyo wanaelea. Wapishane, wengine wakupe mgongo, usiwapange kama picha ya harusi.

Nyekundu mwishoni kabisa, sehemu tatu tu, ndoo, kilemba na basi la abiria. Brashi ndogo ukikosa tafuna ncha ya njiti, inafanya kazi.

Halafu ikaukie ndani jamani, yangu niliiacha barazani malori ya saruji yakapita, mpaka leo anga ina mchanga.