Namna ya Kupinga Sheria Kandamizi ya Habari katika Mahakama ya Afrika Mashariki

Mhariri, mchapishaji au chama cha waandishi kinachoona kwamba sheria mpya inavibana vyombo vya habari nchini mwake kina njia moja ambayo wengi huikumbuka muda wake ukiwa umeshapita, nayo ni kufungua shauri katika Mahakama ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Arusha. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki inamruhusu mtu au taasisi yenye makazi katika nchi mwanachama kupinga sheria, kanuni, agizo au uamuzi wa serikali, bila kulazimika kwanza kumaliza ngazi zote za mahakama za nyumbani.

Anza na kalenda. Shauri hufunguliwa ndani ya miezi 2 tangu sheria ilipotungwa au kutangazwa, au tangu mlalamikaji alipopata habari za jambo analolilalamikia. Usijifariji kwa hoja kwamba sheria inaendelea kuumiza kila siku, kwa kuwa Divisheni ya Rufaa, ngazi ya juu ya mahakama hii, ilikwishaikataa mwaka 2012 katika shauri la Kenya na shirika la Independent Medical Legal Unit. Kwa sababu hiyo maandalizi yaanze muswada ukiwa bado bungeni. Sheria ya Huduma za Habari ya Tanzania ilisainiwa Novemba 2016, na kufikia Januari 2017 Baraza la Habari Tanzania, Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu walikuwa wameshafungua shauri lao.

Katika kuandika madai, usiishambulie sheria nzima kwa jumla. Chukua kifungu kimoja kimoja na ukipitishe katika maswali matatu ambayo mahakama yenyewe huyauliza: je, katazo limeandikwa kwa maneno yanayoeleweka, lina lengo halali, na adhabu au kizuizi chake kinalingana na lengo hilo? Hukumu ya shauri hilo la Tanzania, ya tarehe 28 Machi 2019, inafaa kusomwa kwa kalamu mkononi. Kifungu cha 7(3) cha sheria ile kilikataza habari kwa maneno mapana mno, kama vile yanayohusu kudhoofisha, kukwamisha au kuingilia faragha isivyostahili, na majaji walikubali kwamba mwandishi hawezi kujua mapema ni wapi mpaka ulipo. Vifungu vya ithibati ya waandishi, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hiyo, kashfa kuwa kosa la jinai, uchochezi, na mamlaka ya waziri kuzuia machapisho navyo vilionekana kukiuka Mkataba. Ni dhahiri kwamba walalamikaji walifanya kazi ya kuchambua, si ya kulalamika tu.

Msingi wa madai uwe Mkataba, hasa ibara za 6(d) na 7(2) zinazohusu utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria. Katiba ya nchi pekee haitoshi. Kwa ibara hizo hizo, mwaka 2015, waandishi wa Burundi walishinda dhidi ya kifungu kilichowalazimisha kutaja vyanzo vyao vya habari, ingawa sehemu nyingine za sheria hiyo zilibaki salama. Kama kilichotokea ni gazeti kufungiwa, pinga amri yenyewe: gazeti la Mseto la Tanzania, lililofungiwa kwa miaka 3 mwaka 2016, lilipata hukumu ya kuliondolea kifungo hicho Juni 2018. Katika hali kama hiyo omba pia amri ya muda ya kusimamisha katazo wakati shauri linasikilizwa, maana gazeti linaweza kufa kibiashara kabla hukumu haijatoka.

Nyaraka huandikwa kwa Kiingereza, ambacho ndicho lugha rasmi ya mahakama, kwa hiyo sheria iliyotungwa kwa Kiswahili iandaliwe tafsiri makini mapema. Wakili anaweza kutoka nchi yoyote mwanachama, mradi ana haki ya kusimama mbele ya mahakama ya juu ya nchi hiyo.

Ushindi hauifuti sheria. Mahakama hutamka kwamba vifungu vinakiuka Mkataba na kuiagiza serikali ivirekebishe, kisha kazi inarudi bungeni. Tanzania iliirekebisha sheria yake mwaka 2023, miaka 4 baada ya hukumu. Kwa hiyo, wakati shauri linasikilizwa, andaeni rasimu ya vifungu mbadala na muwe mmekwisha kuzungumza na wabunge watakaoipeleka.