Mtazame Nyigu Kiuno na Mkia Kabla ya Kupiga Dawa

Pasua bua la mhindi lililotobolewa na kipekecha shina, yaani kiwavi wa nondo anayekula mabua kwa ndani, iwe shamba ni la Magarini kule Kilifi au la Hindi kule Lamu, na mara nyingine utakuta kiwavi amenyauka, kando yake kukiwa na fungu la vifuko vyeupe vilivyoshikana. Wakulima wengi huvisaga kwa kidole wakidhani ni mayai ya mdudu mharibifu. Si mayai. Ni vifuko vya hariri, na kila kimoja kina nyigu mmoja anayekaribia kutoka kwenda kutafuta viwavi wengine.

Nyigu huyo ni Cotesia flavipes. Taasisi ya utafiti wa wadudu, ICIPE, ilimleta kutoka Pakistan, na mwaka 1993 akaachiliwa katika mashamba ya pwani ya Kenya. Sababu ni kwamba Chilo partellus, kipekecha anayetusumbua zaidi huku pwani, naye alitoka Asia, na maadui wa asili waliokuwepo hawakutosha kumdhibiti. Kwa hiyo mtaalamu wako mmoja tayari yuko shambani, halipwi, na humwoni kwa kuwa urefu wake ni kama milimita 3 tu. Ndiyo maana nasisitiza tujifunze maungo yake. Ukijua kiungo kipi kinafanya nini, utajua pia nyigu huyu anamwinda nani, na ni dawa gani usiipige.

Anza na kiuno. Nzi hana kiuno, na ana jozi moja tu ya mabawa. Nyigu ana jozi mbili, na bawa la nyuma hushikana na la mbele kwa vikulabu vidogo sana hadi yakaonekana bawa moja. Kiuno chenyewe hakiko mahali tunapodhani. Pingili ya kwanza ya tumbo imeungana na kifua, na mbano unakuja baada yake. Kwa sababu hiyo wataalamu hawasemi kifua na tumbo wanapomweleza nyigu: sehemu ya kati huiita mesosoma na ya nyuma metasoma. Faida ya mbano huo ni kubwa. Nyigu jike anaweza kukunja sehemu ya nyuma ikapita chini ya mwili wake, akaelekeza mrija wa kutagia mahali anapotaka hasa.

Kichwani ana macho mawili makubwa na vijicho vitatu utosini, lakini anayemtafuta kiwavi kwa kweli ni vipapasio. Nyigu wa jamii ya Cotesia ana vipapasio virefu vyenye pingili 18, na hupigapiga navyo juu ya bua akinusa kinyesi cha kiwavi kinachotoka tunduni. Nyigu wengine, hasa wale wadogo zaidi wanaoshambulia mayai ya nondo na vidung'ata (wadudu wadogo weupe wanaofyonza utomvu wa mimea), wana vipapasio vyenye kiwiko, vimepinda katikati. Alama hiyo inaonekana vizuri kwa lenzi ya mkono, na kila kikundi cha wakulima kingekuwa nayo angalau moja.

Sasa mkia, ambao ndio wenye habari nyingi. Wengi wakiuona huogopa kuumwa, lakini nyigu hawa wadogo hawana haja na mtu. Ni mrija wa kutagia, uliohifadhiwa ndani ya ala mbili. Nyigu anapotoboa, ala hubaki nje na mrija peke yake ndio unaozama. Dume hana mrija huo kabisa. Urefu wake hukuambia windo liko wapi. Cotesia ana mkia mfupi kwa sababu huingia mwenyewe ndani ya handaki la kipekecha, akapita kwenye kinyesi hadi kumfikia kiwavi. Wengine hung'atwa wakafia humo humo. Anayefaulu huacha makumi ya mayai mwilini mwa kiwavi kwa sekunde chache, na mabuu ya nyigu humla kiwavi kutoka ndani.

Linganisha na nyigu wa maembe. Nzi wa matunda kutoka Asia, Bactrocera dorsalis, aligunduliwa pwani ya Kenya mwaka 2003, na mwenye miembe ya ngowe au ya boribo hahitaji kuelezwa hasara yake. Mwaka 2006 ICIPE ilileta nyigu wa kumkabili. Mmoja ni Fopius arisanus, ambaye hutembea juu ya ganda la embe akipapasa palipotobolewa na nzi, kisha hutumbukiza mrija na kutaga ndani ya yai la nzi lenyewe. Yai linaanguliwa, buu linakula embe na kuanguka udongoni, lakini kwenye ganda la pupa anatoka nyigu badala ya nzi. Mwingine, Diachasmimorpha longicaudata, ana mkia unaopita urefu wa mwili wake, maana yeye huwafuata mabuu yaliyokwisha kukua ndani ya nyama ya tunda.

Kwenye mihogo hata huhitaji kumwona nyigu. Tafuta kidung'ata aliyevimba, akageuka rangi ya kahawia na kukauka. Akiwa na tundu la duara, nyigu ameshatoka. Wakiwa wengi wa namna hiyo, weka pampu chini.

Tukirudi kwenye maembe, dawa ya kunyunyizia mti mzima huua nyigu upesi kuliko nzi, kwa kuwa nzi wengine bado wamo ndani ya tunda na udongoni. Afadhali chambo cha protini kinachopigwa sehemu ndogo tu ya mti, pamoja na mitego ya kunasa nzi dume. Nyigu mzima hula maji matamu ya maua, basi acha mstari wa dania uchanue pembeni mwa shamba. Mabua baada ya kuvuna usiyachome. Yalaze juani kwa wiki kadhaa, joto litawaua vipekecha, na yale uliyoyapasua ukaona vifuko vyeupe yatenge kivulini kwa wiki moja ili nyigu watoke kwanza.

Maembe yaliyoanguka ndiyo tunayoyakosea zaidi. Kuyazika kwa kina au kuyafunga kwenye mfuko mweusi juani kunaua nzi, lakini nyigu pia wanakufa. Ukiweza, tengeneza hema la kitambaa kisichopitisha mdudu, lenye dirisha la wavu juu, tundu zake ziwe za kumruhusu nyigu apite na kumzuia nzi. Liweke chini ya mwembe, pindo lizikwe udongoni, uokote maembe kila siku na kuyatia humo. Kabla ya kununua wavu mwingi, wafungie nzi wachache ndani ya chupa iliyozibwa kwa kipande chake, uiache usiku mmoja. Wakitoka, tafuta wavu wenye tundu ndogo zaidi. Na baadaye ukiona nzi nje ya hema, kagua mshono na pindo kwanza.